Kitumbua cha Gerezani na Jamaa Zake wa Ng'ambo

Watu waandikao tarikhi za miji hupenda kuanza na ngome, bandari na mahakama, kwa kuwa mambo hayo yana mawe yaliyosimama na hati zinazosomeka. Ilhali kitumbua, ambacho hukaangwa alfajiri na kwisha kabla jua halijapanda, hakiachi jiwe wala hati, na mwenye kuitaka habari yake hana budi kuifuata katika vitu vinne visivyokosekana jikoni mwa mtu wa pwani: mchele, nazi, sukari na moto. Gerezani, mtaa wa Dar es Salaam uliokaa baina ya soko la Kariakoo, karakana za reli na mkono wa bahari unaochukua jina la mtaa huo huo, ni mahali pafaapo kwa uchunguzi wa namna hiyo, maana vitu hivyo vinne vilikutana huko mikononi mwa watu wa asili nyingi mno. Rai yangu katika makala haya ni kwamba utamu uliokuwa hapo kale heshima ya masultani, matajiri na wenye karamu, uligeuzwa kuwa chakula cha kila siku cha maskini na tajiri kwa kazi ya wanawake wa barazani, na kwamba kazi hiyo yastahili kuhesabiwa katika ujenzi wa mji sawasawa na kazi ya waliotandika reli.

Mwanzo wa habari ni wa mbali. Kitabu cha Kiyunani kiitwacho Periplus, kilichoandikwa katika karne ya kwanza baada ya kuzaliwa Nabii Isa kuwa mwongozo wa mabaharia na wafanyabiashara, kinataja shehena zilizotoka Bara Hindi kwenda bandari za pembe ya Afrika: ngano, mchele, samli, mafuta ya ufuta, nguo za pamba, na asali itokayo katika tete, ambayo ndiyo sukari ya miwa. Ukiziondoa nguo, mpishi wa leo wa Kariakoo aweza kuingia jikoni na shehena ile akatoka na sinia la mikate na halua. Mchele wenyewe ulikwisha kuota katika visiwa na mwambao wetu zaidi ya miaka 1000 iliyopita, na mnazi, ambao nao ni mgeni aliyevuka bahari, ulijifanya mwenyeji hata watu wakasahau kwamba uliwahi kuwa mgeni. Msafiri Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, kabla ya kushuka mpaka Kilwa, aliandaliwa wali uliopikwa kwa samli na ndizi zilizopikwa kwa maziwa. Na msafiri huyo huyo mwaka 1344 alikuwa katika kisiwa cha Sailani, ambacho leo ni Sri Lanka, akiupanda mlima unaonasibishwa na Nabii Adam. Mtu mmoja aliweza kula kwa watu wa ncha mbili za bahari kwa sababu pepo za kaskazi na kusi zilikuwa zimezifanya ncha hizo kuwa ujirani tangu zamani za kale.

Ujirani huo haudhihiriki mahali popote kuliko katika vyakula vitamu. Wasinhala, walio wengi katika kisiwa cha Sailani, wana mkate mwembamba uitwao appa, ambao hutengenezwa kwa unga wa mchele na tui la nazi, ukaachwa usiku kucha uumuke, kisha ukamiminwa katika kikaango kilichopinda. Na mwenye kuvijua vibibi vyetu hahitaji kuelezwa zaidi. Kabla ya hamira ya dukani, appa iliumuliwa kwa tembo la mnazi, na mkate wa kumimina wa mwambao wetu uliumuliwa kwa tembo hilo hilo, hata katika nyumba ambazo mwenye nyumba hangethubutu kuliweka tembo midomoni. Hata chombo cha kukunia nazi, hiki tukiitacho mbuzi, wanacho wenzetu kwa umbo lililo karibu mno na letu, nao huifanya kazi yao wameketi kama tuketivyo sisi. Ikhtilafu ipo katika kiungo cha utamu: Wasinhala hugema utomvu wa mkithuli, mti wa jamii ya minazi, wakauchemsha hata ukawa asali nzito au ukaganda ukawa kama sukari guru, na asali hiyo ndiyo roho ya kavum, andazi lao la unga wa mchele likaangwalo katika mafuta mengi, ambalo mpishi hodari hulizungusha kwa kijiti likiwa motoni mpaka likaota kishungi kichwani.

Kadhalika wanayo kokis, ambayo hutengenezwa kwa kuchovya kalibu ya chuma yenye umbo la ua katika rojo la unga wa mchele na tui, kisha kalibu ikatiwa katika mafuta yanayochemka; na watu wa huko wenyewe huinasibisha na Waholanzi, walioitawala pwani ya kisiwa hicho tangu mwaka 1658 hata 1796. Wanayo aluwa ya unga wa mchele, kavu, ikatwayo kwa umbo la almasi. Na Waislamu wa kisiwani wanayo watalappan, iliyopikwa kwa mayai, tui, sukari ya mkithuli na viungo, ambayo husemwa kwamba ililetwa na Wamalai. Ifikapo katikati ya mwezi wa Aprili, wakati wa mwaka mpya wa Wasinhala, vyakula hivi hupangwa mezani pamoja na wali wa nazi, na jambo la kwanza baada ya familia kuonja ni kujaza sahani na kuzipeleka kwa majirani, wawe wa dini ile ile au wa dini nyingine. Msomaji wa Gerezani aliyekulia katika nyumba ya kufuturu ataitambua desturi hiyo mara moja.

Kwetu sisi, utamu uliokuwa na enzi kubwa kupita wote ulikuwa halua. Seyyid Said bin Sultan alipouhamishia Unguja ufalme wake wa Oman, katika miaka ya 1830 na 1840, alikuja na watu wa Maskati na desturi zao za barza, na katika barza ya Mwomani kahawa chungu isiyotanguliwa na halua ni upungufu wa adabu. Upishi wake si wa mtu mmoja wala wa saa moja: wanga hukorogwa katika maji, sukari ikachemshwa katika sufuria kubwa ya shaba, samli ikatiwa kidogo kidogo, na mwiko mrefu usipumzike hata dakika, maana halua ikishika chini imeharibika yote, mwisho hutiwa iliki, zafarani, kungumanga na lozi, ikapakiwa katika vikapu vidogo vya ukili ikiwa bado ya moto. Pangani, ambako Waarabu walikuwa na mashamba ya miwa kando ya mto katika karne ya 19, ilichangia sukari, na visiwa vilichangia viungo. Halua hiyo hiyo ya Maskati iliposafirishwa upande wa mashariki ilifika Sailani, na Waislamu wa huko huiuza hata leo kwa jina la maskat. Basi bandari moja ya Uarabuni ilikuwa na mkono mmoja katika sinia la Unguja na mkono wa pili katika sinia la Colombo.

Lakini halua ilikuwa ghali, na upishi wake ulikuwa kazi ya wanaume wenye mitaji. Mtu wa kawaida aliionja katika arusi, katika Maulidi, au siku alipoalikwa barazani kwa mkubwa. Alipoanza Sultan Majid bin Said, katika miaka ya 1860, kujenga mji wake mpya karibu na kijiji cha Mzizima, desturi hiyo ya utamu wa daraja ilivuka naye kutoka Unguja. Naye alipofariki mwaka 1870 mji ukazorota, minazi na nyasi vikayazunguka majumba yake. Wajerumani ndio walioupa uhai wa pili kwa kuufanya makao makuu ya utawala wao mwaka 1891, na mwaka 1905 wakaanza kutoka bandarini kuitandika reli ya kati, ambayo ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Reli ilimwaga katika mji huu Wanyamwezi, Wamanyema, Wazaramo na Wahindi. Na watu hao, ambao wengi wao walikuwa wanaume wasio na wake karibu na wasio na jiko la kudumu, walihitaji chakula cha asubuhi ambacho hununuliwa kwa senti na kuliwa kwa mkono huku mtu akienda kazini.

Kariakoo nayo ilizaliwa katika machafuko. Wajerumani walikuwa wamelipima shamba la minazi kuwa mji wa Waafrika, na wamejenga jumba la soko, vita vya mwaka 1914 vilipowakuta. Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916 wakaligeuza jumba hilo kambi ya wapagazi wa jeshi, wale wa Carrier Corps, ambao mtaa umebaki na jina lao hata sasa. Soko lilifunguliwa kuwa soko mwaka 1923. Serikali iliugawa mji katika kanda tatu, Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, ikaacha uwanja wa Mnazi Mmoja kuwa mpaka. Na katika Uswahilini, Gerezani ikiwa sehemu yake, mistari ya mitaa ilijaa nyumba za namna moja: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, ua nyuma penye jiko na kisima au bomba, na baraza mbele penye kuelekea njia.

Nyumba hiyo ya vyumba sita ndiyo karakana ya kitumbua, na yeyote atakayeiandika biashara ya Dar es Salaam bila kuitaja ataacha nusu yake. Wanawake wengi wa mjini walipangisha vyumba, wakakaanga samaki, wakapika maandazi na vitumbua, na fedha hiyo ilikuwa yao. Mume aliyeondoka hakuichukua, na aliyebaki aliiheshimu. Mchele hulowekwa tangu mchana, zamani ukatwangwa katika kinu na leo ukapelekwa mashineni. Husagwa pamoja na iliki, ukachanganywa na tui zito na hamira, ukafunikwa, na mpishi akalala kwa jicho moja. Kabla ya adhana ya alfajiri jiko la mkaa huwa limewaka, chuma chenye vishimo vya duara kimepakwa mafuta, na rojo linamiminwa kwa upawa, likageuzwa kwa kijiti upande mmoja ukiwa umeiva. Mwenye ujuzi hujua kwa sauti ya mafuta kama rojo limeumuka sawa; aliyezidisha tui hupata kitumbua kizito, aliyepunguza hupata kikavu, na mteja wa Gerezani hana huruma na mmoja wao. Pamoja na vitumbua yalikuja maandazi, ngano ilipozidi kuingia kwa meli. Zikaja kaimati zilizochovywa katika shira, zenye nasaba ya wazi na luqaimat za Ghuba. Vikaja visheti, kashata za nazi na za karanga, na, kwa watoto, ubuyu uliopikwa kwa sukari na rangi kwa mtindo wa Unguja.

Kashata ilipata mwenzi wake katika kahawa. Washihiri kutoka Hadhramaut walishika sehemu kubwa ya uuzaji wa kahawa katika miji ya pwani, na muuza kahawa mwenye dele lake la shaba juu ya jiko la mkaa, akigonganisha vikombe ili ajulikane yupo, akawa mtu wa lazima katika kila kijiwe cha Kariakoo. Kahawa yake ni chungu makusudi. Kashata ndiyo iitengenezayo mdomoni. Katika vijiwe hivyo habari za kutwa zilipimwa, na katika miaka ya 1950 habari hizo zilikuwa za siasa, kwa sababu ofisi ya TANU, chama kilichoundwa tarehe 7 Julai 1954, ilikuwa Mtaa wa New Street, ambao sasa ni Mtaa wa Lumumba, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Gerezani. Bibi Titi Mohamed, mzaliwa wa Dar es Salaam wa mwaka 1926 na muimbaji wa ngoma ya Bomba, alipokabidhiwa kazi ya kuwaingiza wanawake chamani mwaka 1955, aliwaendea kwanza katika vikundi vyao vya ngoma. Na katika vikundi hivyo hawakukosekana wenye kuishi kwa jiko na kikaango, waliozoea kutoka nyumbani, kuhesabu fedha zao na kusema na watu wasiowajua. Chama kilipowahitaji kilikuta wamekwisha kufundwa na biashara.

Ng'ambo ya Mnazi Mmoja, Wahindi walikuwa na maduka ya mithai: jalebi, ladu, barfi na halua za namna yao, zilizopikwa kwa maziwa, dengu na samli nyingi. Mpaka wa kanda uliandikwa katika sheria, walakini sahani haikuusoma: jalebi zilivuka kuja Uswahilini kuwa tunu ya futari, na vitumbua vilivuka kwenda Uhindini vikibebwa katika besheni zilizofunikwa kwa kitambaa. Wasinhala nao walikuwapo. Idadi yao ilikuwa ndogo, wengi wao mafundi waliokuja kutoka Sailani mwanzoni mwa karne ya 20. Na kufikia mwaka 1920 walikuwa wamejipatia mahali pa ibada Upanga, hekalu la Kibudha lihesabiwalo miongoni mwa yaliyotangulia barani Afrika. Mtu wa jamii hiyo, alipofika soko la Kariakoo, aliukuta mchele wa Rufiji, nazi za Mafia na za Kisarawe, iliki na sukari guru vimewekwa kana kwamba vinamngoja yeye. Akakosa mkithuli peke yake, na hata huo sukari guru iliweza kuliziba pengo lake.

Zikaja nyakati ambapo utamu ulikuwa suala la serikali. Katika Vita Vikuu vya Pili chakula cha Dar es Salaam kiligawiwa kwa mgao uliofuata rangi za watu, mchele ukaelekezwa zaidi kwa Wahindi na Waarabu, na Mwafrika akatazamiwa atosheke na unga wa mahindi. Jambo hilo liliwaudhi sana watu wa mjini ambao wali ulikuwa chakula chao tangu babu zao, na ambao wake zao hawakuweza kukaanga kitumbua cha sembe. Taabu ya pili ilikuja baada ya uhuru. Nchi ilikuwa na viwanda vyake vya sukari, cha Arusha Chini tangu miaka ya 1930 na cha Kilombero tangu miaka ya 1960; lakini baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, fedha za kigeni zilipokauka na mitambo kukosa vipuri, sukari ikawa kitu cha foleni, cha kadi na cha kunong'onezana. Mwaka 1983 ulikuwa mwaka wa msako wa walanguzi, na mwaka huo huo ikatungwa sheria ya Nguvu Kazi, iliyowataka watu wasio na kazi inayotambuliwa waondoke mjini wakalime. Muuza vitumbua, ambaye jiko lake lilikuwa linalisha nyumba ambayo mshahara wa baba ulikuwa hautoshi hata juma moja, alihesabiwa kuwa hana kazi. Na sijui kama upo mfano bora zaidi wa serikali kumtia mtu mchanga katika kitumbua chake, kwa maana zote mbili. Hata hivyo hakuondoka. Alitumia sukari guru, alipunguza iliki, alipikia uani badala ya barazani. Na siasa za uchumi zilipolegezwa baada ya mwaka 1985 alirejea mbele ya nyumba bila kuomba radhi kwa mtu.

Desturi iliyomhifadhi katika miaka hiyo, pamoja na haja ya wateja, ilikuwa desturi ya sahani. Katika mwezi wa Ramadhani nyumba za Gerezani hupelekeana futari, na sahani iliyokuja na kaimati hairudi tupu. Hurudi na tambi, au mkate wa kumimina, au ndizi za nazi, na Mkristo wa chumba cha tatu, ambaye hafungi, hupata fungu lake, naye Krismasi hulipa. Kwa njia hiyo ufundi ulipita kutoka nyumba hadi nyumba pasipo shule wala cheti: msichana wa Kizaramo alijifunza kaimati kwa mke wa Mshihiri, na mke wa Mnyamwezi alijifunza vibibi kwa mwanamke wa Kingazija, mpaka nasaba za vyakula zikachanganyika kama zilivyochanganyika za watu. Ndiyo sababu siwaungi mkono wale wanaogombania asili, wakisema hiki ni cha Mwarabu na kile ni cha Mhindi. Asili ipo, na nimejaribu kuieleza. Lakini haki ya chakula humkalia ampikaye kila siku, na si mwenye jahazi lililokileta mara moja.

Gerezani yenyewe imeongeza mchango mwingine juu ya mapishi. Mafundi wake wa bati na chuma, wakiwamo wale wa ushirika wa viwanda vidogo wa DASICO, hutengeneza majiko ya mkaa, masufuria na vyuma vya vitumbua kwa mabaki ya madini, na vyombo hivyo hupakiwa katika mabasi yaendayo mikoani. Kwa hiyo kitumbua kikaangwacho Tabora au Mwanza aghalabu kimechukua umbo lake katika mtaa huu. Soko la Kariakoo, katika jumba lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, liliungua Julai 2021. Lakini biashara ya barazani haikuwa na paa la kuungua, ikaendelea asubuhi iliyofuata kuwauzia watu waliokuja kutazama majivu. Tangu mwaka 2016 mabasi ya mwendokasi yana kituo chao Gerezani, na wateja wa asubuhi wa muuza vitumbua wamekuwa wale wale wa wakati wa reli: watu wanaokwenda kazini, wenye haraka na fedha kidogo.

Sukari ilipoadimika tena mwanzoni mwa mwaka 2024, mvua nyingi zilipozuia miwa kuvunwa, na kilo moja ikapita shilingi 4,000, magazeti yaliandika habari za viwanda, waagizaji na bei elekezi. Barazani shauri lilikuwa jingine. Muuzaji anayemjua mteja wake kwa jina, na kujua pia kwamba mteja huyo hana shilingi ya kuongeza, aghalabu huiacha bei kama ilivyo akapunguza sukari au ujazo wa upawa. Mteja huona, hunyamaza, na kesho hurudi. Mapatano hayo yasiyoandikwa yamevishinda vita viwili, mgao, msako na moto wa soko, na ndiyo yaliyokifanya chakula kilichoanza safari yake katika masinia ya masultani kuwa haki ya mtu mwenye sarafu mbili mkononi.